Ubeti wa tatu unasubiriwa Kagarama

Saa kumi na moja jioni, Valens Kubwimana anafunga boneti ya gari la mwisho, ananawa mikono kwa sabuni ya unga na kuchukua gita lake kwenye rafu ya vichujio vya oili. Haendi mbali. Anavuka uwanja wa gereji, anapanda ndani ya bodi la lori la friji lililokuwa likibeba maziwa, na wenzake wawili wakishaingia, anavuta mlango.

Nje, hapa Kagarama, zinasikika pikipiki tu. Ndani ya bodi lile, bendi ya roki inapiga kwa nguvu zake zote.

"Kigali haipendi makelele," anasema Valens, fundi magari mwenye umri wa miaka arobaini na moja. "Hii lori, mwenyewe aliiacha hapa, injini imekufa. Nikaona kuta zake iko nene, nikasema, Mungu ametupa studio."

Wanajiita Breki Mpya. Shyaka, mpaka rangi wa gereji hiyohiyo, anapiga ngoma. Belyse, muuza vipuri wa Remera, anapiga gita la besi. Hakuna aliyesomea muziki, na nyimbo za watu wengine hawazigusi. Kwa miaka mitatu wametunga nyimbo kumi na moja za kwao wenyewe, zote kwa Kiswahili, katika jiji ambako wengi huota kwa Kinyarwanda.

Gita lenyewe Valens alilipata baada ya kujinyima miezi saba. Mwezi mzuri gereji humwachia kama faranga laki mbili, na ana watoto watatu shuleni.

Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na wazazi Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi, akaletwa Kigali akiwa na miaka kumi. "Na wateja ninasema Kinyarwanda, na mama Kirundi," anasema, na lakini yake ni ya Kinyarwanda. "Ariko wimbo inanikuyia mu Kiswahili. Mimi sichagui."

Studio yao ina kasoro moja. Bodi lililojengwa kuzuia joto lisiingie halikubali joto la watu watatu litoke. Mwandishi alivumilia dakika nane, akatoka shati limelowa chapachapa. Wao hupiga beti mlango ukiwa umefungwa, wakifika kwenye kiitikio pumzi zimekwisha, basi wanafungua mlango na kumalizia kwa hewa safi. Kisha wanaufunga na kuanza upya. Hawakuwahi kufikiri majirani wanasikia nini.

Walikuja kujua Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita. Baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu walipokwisha kuzibua mitaro na kuketi mkutanoni, Mukarugwiza, mwalimu mstaafu aliyekulia Karagwe, Tanzania, alinyoosha mkono. Alimgeukia Valens.

"Mwanangu, miezi mitano sasa nasikia kipande kimoja tu," mama huyo alisema. "'Mama, kwetu ni wapi? Mama, kwetu ni wapi?' Halafu mlango paa, kimya. Napika na swali lako, nafua na swali lako. Jibu lipo au halipo?"

Watu walicheka. Valens hakucheka, kwa sababu wimbo ule ulikuwa na beti mbili tu, na ubeti wa tatu, wa jibu, ulikuwa umemshinda.

Wapo waliotaka muziki ukomeshwe kabisa. Baada ya mabishano, mkutano ukaamua hivi: umuganda ujao, Breki Mpya wapige wimbo huo mlango ukiwa wazi, mwanzo hadi mwisho, mbele ya wote. Hapo ndipo itaamuliwa kama wataendelea au wataacha.

Siku hiyo ni Jumamosi hii.

"Fundi, andika chochote tupige," Belyse alimwambia wiki iliyopita, wakiwa wamekaa juu ya matairi, wakijipepea kwa maboksi. "Sema kwetu ni Kigali, watapiga makofi, byarangiye, imekwisha."

Valens alitikisa kichwa. "Nikiimba vile, mama yangu atajua ninadanganya. Atatoka Busanza kuja kusikiliza."

Mama yake, Xavérine, ana miaka sabini na miwili. Alivuka mpaka kuingia Burundi akiwa na miaka sita, akarudi Rwanda akiwa na umri uleule alio nao mwanawe leo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini yapo maswali ambayo mtoto huogopa kumuuliza mzazi wake. Valens ameliimba swali lile kwa miezi mitano bila kumuuliza mwenyewe. Jumapili iliyopita alikwenda kumuuliza.

"Alikuwa anachambua maharage," anasimulia. "Akayamaliza kwanza. Akaniambia, 'Kule waliniita Munyarwanda. Nikakuya hapa, wakaniita Murundi. Mimi nilikuwa na watoto sita wa kulisha, sikupata wakati wa kujiuliza. Andika ile.'"

Valens aliiandika palepale, nyuma ya risiti ya plagi. Mistari minne: ubeti wa tatu. Mwandishi aliomba kuisoma, akanyimwa kwa upole.

Anaogopa, na hafichi. Mukarugwiza anasubiri jina la mahali, naye hana jina la kumpa. Huenda baadhi ya majirani wakaona amefukua mambo ya zamani yaliyokwisha kusahaulika. Shyaka angependa wapige wimbo mwingine, ule wa mapenzi, usio na shida na mtu.

Valens ameshaamua. Jumamosi ataweka viti viwili mbele ya lori, kimoja cha Mukarugwiza na kimoja cha mama yake.

"Wakitukataza, tutatii, tutauza ngoma," anasema, huku akilegeza nyuzi za gita. "Ariko mama atakuwa amejibu mbele ya watu. Ile miaka yote, hakuna mutu alimuuliza."