Kikaratasi Nilichokitia Mfukoni

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kule Mbagala, nilikuwa nawafundisha vijana afya ya uzazi. Nilijitolea, na nilijisikia sana. Nilikuwa na fulana ya mradi, nilikuwa na mdomo, na wale vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, walinipenda kwa kuwa nilitaja kondomu bila kumung'unya maneno. Yale waliyoona haya kuyauliza waliyaandika kwenye vikaratasi bila jina, wakavitumbukiza kwenye boksi la biskuti tulilolitoboa juu. Kulifungua na kujibu ilikuwa kazi yangu. Niliwaapia kila mara kwamba siri ya mtu haitoki mle ndani.

Siku moja nikakunjua kikaratasi: "Wiki tatu zimepita sijaona siku zangu. Nikija kupima, nyumbani watajua?"

Mwandiko niliujua kabla sijamaliza kusoma. Ulikuwa wa binti wa dada yangu, zile herufi za duara nilizomfundisha mwenyewe alipokuwa darasa la kwanza. Alikuwa amekaa mstari wa tatu, anajipepea kwa daftari. Nilitakiwa kusema maneno machache tu: hawatajua, njoo. Badala yake nilikikunja, nikakitia mfukoni, nikahamia kwa aliyeuliza kama sindano ya uzazi wa mpango inanenepesha.

Mchana nilikuwa kwa dada yangu, kikaratasi mkononi. Nilijiambia ni mapenzi. Uongo mtupu, kilikuwa kiherehere. Nilitaka niwe wa kwanza kujua, na dada ajue kwamba nimejua mimi.

Dada ni mwalimu, tena mzee wa kanisa. Hakupiga kelele. Alikwenda duka la dawa, akarudi na kipimo cha mimba, akamwita binti yake. Tukamsimamia mlangoni mwa bafu, watu wazima wawili, akikojoa kwenye kikombe cha plastiki. Mtoto wa watu hakulia wala hakubisha. Aliinua macho mara moja tu, akanitazama mimi, si mama yake, nami nikageukia ukutani.

Ulitokea mstari mmoja. Hana mimba. Dada akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akanigeukia. "Na huko kwenye mafunzo yenu hakanyagi tena."

Nilimfuata binti uani, alikokuwa anaosha kile kikombe. Nilijua nina kosa, lakini kuomba radhi kulinishinda, nikaanza kwa kulaumu.

"Si ungenifuata mie, mwanangu? Mie si mamdogo wako?"

"Kile kikaratasi hakikuwa changu, mamdogo," akasema, bila kuacha kusugua. "Niliandika mie, ila swali la rafiki yangu. Alisema mwandiko wangu unasomeka. Si alikuwa amekaa pembeni yangu pale? Alikuwa anasubiri ujibu."

Nikakaa kwenye kizingiti. Kweli palikuwa na msichana pembeni yake. Sura yake sikuishika. Macho yangu yote yalikuwa kwa mtoto wa kwetu. Huyo mwingine aliniona nikikisoma kikaratasi chake, nikikificha, na bila shaka alijijibu mwenyewe. Na huyu wetu angeweza kusema ukweli pale pale mlangoni mwa bafu, akajinusuru. Hakusema. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Yuko wapi sasa? Niambie tu jina, nimfuate, nimpeleke mwenyewe akapime. Hakuna atakayejua, haki ya Mungu."

Alikisuuza kikombe, akakifudikiza juu ya beseni, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Samahani, mamdogo," akasema kwa adabu zote. "Nilimwahidi sitasema."