Udongo Usioshika Nyekundu

Kiwandani walimwita Mama Udongo, naye aliliitikia jina bila kununa. Miaka kumi na tisa alikuwa katika chumba cha maabara nyuma ya matangi, penye mizani na sinki lenye madoa sugu, akiyasafisha maji yaliyotumika kutia nyuzi rangi kabla hayajaachiwa kuingia mtoni. Dawa yake ilikuwa udongo wa mfinyanzi, lakini si udongo mtupu. Aliuloweka katika kemikali jamaa ya ile ya kulainishia nguo, akaukoroga siku nzima, akauosha, akaukausha, akausaga hadi ukawa laini kama poda ya mtoto. Hapo ndipo uliposhika rangi nyekundu. Udongo mbichi huisukuma nyekundu mbali, kama sumaku mbili zilizoelekezana ncha zilezile.

Akaja meneja mpya, akafuta kemikali kwenye orodha ya manunuzi. Akaleta lori la udongo wa wafyatua matofali.

"Udongo ni udongo, mama. Acha madoido."

"Huo hautashika nyekundu, bosi."

"Hautashika? Tazama."

Akachukua chupa ya rangi ya bluu iliyokaa kabatini, akadondosha matone kwenye glasi ya maji, akatia udongo wake, akatikisa. Maji yakatulia meupe pe. Wapakiaji waliokuja na lori wakapiga makofi.

Mama Udongo aliijua hila hiyo. Bluu ile hushikwa na udongo wowote, hata ulioganda kwenye soli ya kiatu. Na kiwanda hakikuwa kikitia nyuzi bluu hiyo. Tangu mwaka uanze kilitoa nyuzi nyekundu tu.

Siku ya tatu tangu udongo huo utiwe matangini, shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne na aliyeishi bondeni kando ya mto huo, akampigia simu.

"Mwanangu, nimefua shuka zangu nyeupe, zimetoka nyekundu kama za bibi harusi. Nauliza tu, harusi ya nani?"

"Shangazi, maji hayo msiyanywe."

"Tumekwisha kunywa. Kwani tungekunywa nini?"



Mkaguzi wa maji ya viwanda alipofika, meneja alikuwa ameshapanga glasi na chupa ya bluu mezani, na fomu ya kuidhinisha udongo mpya kando.

"Saini hapa, mama yangu. Wewe ndiye bingwa wetu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema. "Watu wanakunywa rangi, wewe unatuchezea mazingaombwe."

Akatoka, akachota maji moja kwa moja kutoka tangi la kutilia rangi. Akatia udongo wa matofali mbele ya mkaguzi, akatikisa, akasubiri. Udongo ukazama chini. Maji juu yake yakabaki mekundu vilevile.

"Haya ndiyo yanayokwenda mtoni?" mkaguzi akauliza.

"Ndiyo. Tangu Jumatatu."

"Huyu mama anapenda vitimbi," meneja akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Mama Udongo akavuta fomu, akaandika kwa herufi kubwa: HAUFAI. Chini yake akatia saini. Mkaguzi akaagiza bomba la kumwagia lifungwe, na matangi yasifanye kazi mpaka udongo wa zamani urudi.

"Kesho usije," meneja akamnong'oneza mlangoni.

"Nisipokuja, nani atauloweka?" akamjibu. Kisha akaenda mwenyewe kufunga bomba, akikaza gurudumu lake kwa mikono miwili hadi tone la mwisho likakatika.