Jina la Dawa

Kwa miaka ishirini na sita hapakuwa na duka mtaani lililofunguliwa bila Brashi kupita mlangoni na makopo yake ya rangi. Vinyozi, bucha, wauza vipuri, wote aliwaandikia mabango. Jina alilopewa na wazazi wake, mkewe tu ndiye aliyelikumbuka, naye alilitumia akikasirika. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Mwenye duka akawa anapata bango lake kwa nusu saa, tena na picha juu. Mwaka wa kwanza Brashi alisema huo ni upepo, utapita. Mwaka wa pili rangi zikamkaukia ndani ya makopo.

Aliyemletea habari ya majina alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu wa maneno mengi na kazi chache.

"Shemeji, maduka yote yanahamia mtandaoni," alisema. "Kule nako kila duka lina jina lake, na jina moja halikaliwi na wawili. Unaliwahi wewe, unalilipia ada ya mwaka, unatulia. Anayelitaka atakuja mwenyewe kukubembeleza."

"Mazuri si yameshakwisha?"

"Ya herufi zetu hizi, ndiyo. Lakini siku hizi unaandikisha hata kwa Kiarabu, Kihindi, Kichina. Kule bado pori tupu, shemeji!"

Neno hilo lilimkaa Brashi kichwani. Si aliwahi kuwanakilia wafanyabiashara wageni maandishi yao, herufi kwa herufi, bila kujua hata moja inasemaje? Na hakuna aliyelalamika.

Alichokosa ni mtaji. Wiki hiyo cherehani ya mkewe ilianza kurukaruka mshono. Mkewe alikuwa akishona sare za shule, na ndizo zilizokuwa zikiwalisha tangu mabango yakatike. Brashi akaibeba kwenda kwa fundi. Alirudi mikono mitupu.

"Fundi anasubiri kipuri," alimwambia mkewe.

Kumbe ameiuza palepale kwa fundi.

Kesho yake alikaa kwenye kafe ya intaneti, mkononi ana orodha ya maneno aliyochapiwa na shemeji. Kibodi ya lugha ngeni ilitokea kwenye kioo cha kompyuta, naye akawa anachagua herufi kwa sura, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kioo kilikuwa kimejaa vumbi na alama za vidole. Alitoka pale na majina kumi na moja. Aliloringia zaidi lilikuwa la Kiarabu, maana yake "dawa". Duka la dawa gani lisingelitaka?

Miezi ikapita kimya. Mkewe aliuliza habari za kipuri, kisha akaacha kuuliza. Mwezi wa tisa ikaingia barua pepe. Dada mwenye kafe alimsomea: mwoka mikate mmoja wa nchi ya mbali analitaka jina la Kihindi lenye maana ya "mkate". Alichoahidi kingetosha kununua cherehani nyingine, na chenji ibaki.

"Chukua, kaka," alisema yule dada. "Chukua leo."

"Mtu akianzia hapo, mfukoni ana zaidi," alijibu Brashi. Akataka mara kumi. Mwoka mikate hakuandika tena.

Mwaka ulipotimia, ada za majina yote kumi na moja zikadaiwa kwa mpigo, naye alikuwa na ada ya moja. Alizunguka nje ya kafe asubuhi nzima, anajisemesha kama mgonjwa wa homa. Mkate au dawa? Mwishowe alijiambia kwamba mkate mtu huula akiupata, lakini dawa hata asiye nacho huitafuta. Akalipia dawa. Mengine kumi akayaacha yafe.

Miezi miwili baadaye mwoka mikate aliandika mistari miwili: jina limekuwa huru, amelipata kwa ada ya kawaida, anashukuru.

Mfa maji haachi kutapatapa. Brashi alipiga shati pasi, akaenda kwa mfamasia wa barabara kuu, ambaye alisomea Uarabuni. Wateja walikuwa wamejipanga. Brashi alimsogezea karatasi juu ya kaunta.

"Nakuuzia jina la duka lako, bwana mkubwa. La Kiarabu. Halina wa pili duniani."

Mfamasia alivaa miwani, akasoma, akasoma tena.

"Ulikusudia liwe nini?"

"Dawa."

"Hii herufi ya kwanza ina nukta juu. Dawa haina nukta. Umeandika neno ambalo halipo, mzee wangu. Ndiyo maana halina wa pili." Akamrudishia karatasi taratibu. Mteja mmoja alicheka, akajikohoza.

Nukta! Yeye aliyefuta mabango mangapi kwa sababu ya nukta iliyokaa upande! Siku ile kwenye kafe aliiona kabisa, akadhani ni vumbi la kioo.

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pindo la sketi kwa sindano ya mkono, ametandaza vitambaa miguuni. Akamwambia yote, akiwa bado mlangoni.

"Mwezi wa tatu nilipita kwa fundi," mkewe alisema bila kuinua uso. "Mke wa fundi alikuwa anashonea mapazia cherehani yangu."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kujua utanidanganya mpaka lini. Wateja nimewapoteza nikiwa nasubiri." Akamwita kwa jina lake halisi, mara moja tu. "Toka kwenye mwanga, sioni uzi."

Jumatatu mkewe aliajiriwa kwenye karakana ya sare, kushona kwa cherehani ya mtu mwingine. Brashi alikwenda kwenye duka la mabango ya plastiki kuomba kazi yoyote. Hawakuhitaji mwandishi. Wakampa nyundo na gunia la pete za chuma, awe anatoboa pembe za mabango na kupigilia pete za kupitishia kamba, malipo kwa bango.

Jioni alikuta chakula chake kimefunikwa sahani, mkewe amekwisha kula na kugeukia ukutani. Brashi alikula amesimama, kwa vidole vilivyovimba.