Leo Hashiki

Mpiga eksirei wa hospitali yetu Bagamoyo ana kucha zilizopasuka na sauti ya mtu anayefukuza kuku. "Tokeni! Mlango ufungwe!" Anasema mionzi, hata ile hafifu isiyounguza, hula chembe nyeupe za damu, zile zinazotupigania tukiugua. Zake zimepungua, na daktari amemkataza kuikaribia. Mashine anaiwasha akiwa nyuma ya ukuta, huku akijikuna vidole.

Nilimpeleka mwanangu Himid apigwe picha ya kifua, naye hakutaka kutulia. Mkubwa wa pale akasema, "Mama yake amshike." Mpiga eksirei akaniinamia. "Mwanangu, u mjamzito?" Nikamtazama Himid. Kwetu mimba changa haitangazwi, hata mama mkwe haambiwi. Lakini aliuona mkono wangu, nilivyoubana tumboni bila kujijua. "Leo huyu hashiki," akasema. "Atavaa aproni ya risasi ya kuzuia mionzi," mkubwa akajibu. "Aproni si ukuta. Mshike wewe, basi, mkubwa." Mkubwa akakohoa. "Unajua naweza kukufukuza?" "Nifukuze. Hashiki." Akatoka barazani kumwita mama mkwe wangu, Bi Mwanamvua, akamvika aproni ile. "Loo, nzito kama mlango! Mama yake ana nini hata asimshike mwanawe?" "Mimi nimekataa tu, bibi. Sina zaidi." Bi Mwanamvua akanitazama usoni, kisha tumboni, akatazama tena. Akamkumbatia Himid, akamgeukia mkubwa. "Na mimi nimekataa." Halafu akanifokea, "We mwali, unangoja nini humu? Toka!"