Tiki ya Kijani Mpakani

Sitajifanya mnyenyekevu. Kati ya watu wanaotengeneza programu za mtandaoni hapa Tororo, mimi ni mmoja wa wale wanaojua wanachofanya, na aliyechoka kusikia hivyo afunge kitabu sasa hivi. Najua ukurasa mwepesi unavyoandikwa, najua simu ya bei ndogo inavyokwama, na sijawahi kumpa mteja kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekitumia. Ndiyo maana habari ya Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ilinichoma kuliko nyingine zote.

Chama cha wasafirishaji wenye ulemavu kiliniita chenyewe. Hawa ni watu wanaovusha mizigo mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono: mafuta ya kupikia, sabuni, trei za mayai, magunia ya mahindi. Mizigo inagawiwa kwa zamu. Zamani mtu alishika zamu yake kwa kuacha patipati moja, yaani kandambili, kwenye mstari kando ya barabara, na patipati ikiwepo mwenyewe yupo, hata kama amekwenda kunywa chai. Tabu ni kwamba patipati zinafanana, mvua inazibeba, na kila wiki kulikuwa na ugomvi. Mwenyekiti wao, mzee wa Kiislamu wa hapo mjini, mwenye mdomo mtamu, aliniambia, "Injinia, tuondolee hizi patipati barabarani." Nikamwambia anipe wiki tatu.

Toleo la kwanza lilipendeza macho na halikufaa kitu. Nilikuwa nimepakia humo kila kitu cha kisasa, vitu vinateleza kwenye skrini, rangi zinabadilika, na kwenye simu zao ukurasa ulichelewa kufunguka mpaka mwenyekiti akauliza kama ninaupika kwa kuni mbichi. Nikafuta yote. Nikaandika kurasa za kawaida zinazotoka kwenye seva, ile kompyuta kuu, zikiwa tayari, maandishi makubwa, picha hakuna, na kitufe kimoja tu cha kuingia kwenye zamu. Zikafunguka papo hapo. Nilikuwa na haki ya kujipiga kifua, na nilijipiga.

Kikabaki kitu kimoja cha kunikera. Mtu akibonyeza, ombi lake linasafiri hadi kwenye seva, seva inaandika jina, kisha jibu linarudi. Mtandao ukiwa mzito anabaki kukodolea macho kiduara kinachozunguka, anabonyeza tena na tena, anakasirika. Dawa yake inajulikana na mafundi wote: unaiambia simu ionyeshe tiki ya kijani mara tu kidole kinapogusa, kabla seva haijajibu, ukiamini kwamba jibu litakuwa ndiyo. Kwa mtu anayesifia picha za harusi ya rafiki yake hakuna ubaya, maana ombi likipotea hakuna atakayekosa kazi. Nikaiweka tiki hiyo. Niliijaribu ofisini kwangu Tororo, kwenye intaneti ya waya, na haikukosea hata mara moja.

Nikasisitiza pia, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, kwamba orodha ya programu iwe neno la mwisho. Aliyemo yumo, asiyekuwemo hakuja kazini. Chama kilikuwa na sheria kali ya tangu zamani: ukikosa siku tatu katika mwezi bila kutoa taarifa, unahesabiwa umeacha kazi, na nafasi yako anapewa mwingine anayesubiri. Wanaosubiri walikuwa wengi.

Alikuwepo mama mmoja mzaliwa wa Buteba, katika watu wa kwanza kabisa kuvusha mizigo kwa baiskeli hapo. Mabega yake yalikuwa mapana kuliko ya mwenyekiti, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwezi mmoja akakosekana kwenye orodha mara mbili. Mara zote mbili alikuwepo, amekaa kwenye baiskeli yake, anasema amejiandikisha. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba mama siku hizi anachelewa kisha anadai. Niliitwa kwenye kikao, nikafungua kompyuta yangu mbele ya watu wote, nikapitisha kidole kwenye orodha.

"Mama, kompyuta haidanganyi. Hukubonyeza."

"Nilibonyeza," akasema. "Nikaona kijani."

"Basi labda uliota."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena nilifurahia kwamba nimewachekesha. Yeye akageuza baiskeli akaenda zake.

Kesho yake nikaja Busia asubuhi kumwonyesha kosa lake, maana nikishaanza kubishana siwezi kuachia njiani. Alikuwa amepanga chumba upande wa Kenya, karibu na dada yake, kwa hiyo kila siku alianza kazi kwa kuvuka kuja upande wetu. Nikamfuata huko, nikatembea kando ya baiskeli yake. Tulipofika kwenye geti la mpaka akasimama, akatoa simu kifuani, akabonyeza. Alipenda kujiandikisha hapo hapo getini ili awatangulie wengine. Tiki ya kijani ikatokea. Nikatazama orodha kwenye simu yangu, jina lake halimo. Nikasubiri, nikatazama tena. Halimo.

Simu yake ilikuwa na laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, kama simu za watu wengi hapa. Pale getini ilikuwa imeuacha mtandao wa Kenya na haijashika wa Uganda, na ombi likafia katikati. Siku nyingine liliwahi kupita, siku nyingine halikuwahi. Tiki ilitokea vilevile, kwa sababu mimi ndiye niliyeiamuru itokee, na sikuandika popote kwamba ombi likipotea mtu aambiwe. Hii ndiyo ingekuwa mara yake ya tatu.

Nikakaa chini kando ya barabara, nikafungua kompyuta na kuliandika jina lake kwa mkono ndani ya orodha. Nywila ilikuwa yangu peke yangu, hakuna ambaye angejua. Nikamwonyesha. "Tayari, mama. Jina limeingia."

Akatazama skrini. "Na zile mbili?"

Nilikuwa nimepanga kuzifuta kimyakimya baadaye. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona katika kazi hii. Nikafunga kompyuta, nikaenda naye hadi pale wasafirishaji wanapongojea mizigo, na mbele ya mwenyekiti na watu wote waliocheka nikasema: "Mama alibonyeza siku zote. Programu yangu ilimwonyesha tiki bila kujua kama jina lake limefika. Nilimfanya mwongo mbele yenu, na mwongo nilikuwa mimi." Mwenyekiti akaniagiza nizifute zile alama mbili za kukosa papo hapo, watu wakiona, na nafasi ya mama ikabaki yake.

Nikaandika upya. Sasa ukibonyeza simu inasema "inatumwa", na haisemi "imefika" mpaka seva yenyewe ijibu. Mtandao ukikatika, ombi linakaa ndani ya simu na kujaribu tena, na kila ombi nimeliwekea namba yake ili likifika mara mbili lihesabiwe mara moja. Ni polepole kidogo kuliko mwanzo. Wapo walionung'unika, nikawaambia wanung'unike tu, sirudishi. Nimelijaribu lile geti kwa miguu yangu, nikienda na kurudi na simu mbovu kuliko zote nilizopata, na sasa halinishindi. Hilo nalisema bila kumeza maneno.

Lakini mama haiamini programu. Anabonyeza kama wengine, anaambiwa imefika, kisha anampigia mtu anayemjua. Kila asubuhi ya kazi, nikiwa bado nakunywa chai Tororo, simu yangu inaita.

"Niko?"

Nafungua orodha, naitazama kwa macho yangu.

"Uko, mama. Wa tatu."

Anakata simu.