Bwawa la Kuchimba na Bwawa la Kusimama

Siku yangu ya kwanza kazini niliuliza ng'ombe wako wapi. Mcheke tu, hata mimi nacheka. Nilipelekwa kwa baiskeli kutoka Issenye mpaka hoteli moja ya watalii, karibu na hifadhi, nikaonyeshwa maji ya bluu yametulia ndani ya shimo lenye vigae. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe, shule yenyewe niliiachia darasa la tatu kwa sababu ya ndama. Nikajua hili ni lambo, ila limepambwa kwa sababu ni la wageni. Nikamuuliza Meneja, mifugo inaletwa saa ngapi kunywa? Akasema, "Mama, ng'ombe wa hapa wanakuja na taulo."

Hapo ndipo nilipoanza kazi ya mabwawa ya kuogelea, na nimeifanya mpaka mgongo ukakataa. Nyie watoto wa siku hizi mnaona mtu ana uwanja nyuma ya nyumba, ana hela kidogo, anasema ngoja niweke suimingi. Halafu anauliza, nichimbe au nisimamishe? Wanakuja kuniuliza hapa hapa nyumbani, nimekaa nachambua mboga. Nawajibu, lakini kwanza nawauliza wao: uwanja ni wa nani?

Nitafika huko. Tuanze na aliyenifundisha, Fundi Mkuu wa maji pale hotelini, mzee mfupi, mkali, anatembea na bisibisi sikioni kama kalamu. Alinifundisha wavu wa kuokota majani, ule wenye mti mrefu. Alinifundisha brashi ya ukutani, maana ukuta usiposuguliwa unaota ukijani, mtu anateleza. Alinionyesha chujio, pipa kubwa lina mchanga tumboni. Pampu inavuta maji, yanapita kwenye mchanga, uchafu unabaki. Mchanga ukishiba uchafu unayarudisha maji kinyumenyume, yanatoka meusi kama ya kuoshea sufuria. Na dawa. Unachota maji kwenye vichupa viwili, unadondoshea dawa. Kimoja kinageuka njano, hiyo ndiyo klorini. Kingine kinageuka chekundu, hapo unajua maji ni makali au yamepoa. Kusoma sikuhitaji. Njano ya ndizi mbivu ni sawa, njano ya kiini cha yai umezidisha, watalii watatoka macho mekundu.

Bwawa lile lilikuwa la kuchimba. Zege, nondo, vigae juu. Masika moja Meneja akataka limwagwe lote lisuguliwe, kuna wageni wakubwa wanakuja. Fundi Mkuu akakataa. Meneja akasema yeye ndiye meneja. Basi tukamwaga. Kesho yake asubuhi tukasikia mlio, ngu, kama mtu amepiga debe chini ya ardhi. Sakafu imepanda juu katikati, vigae vimesimama kama meno ya mbwa. Meneja ameshika kiuno. Fundi Mkuu hata hakumcheka, alinigeukia mimi akasema, "Shika hili. Maji ya ndani ndiyo yanayoyazuia maji ya nje. Ukiyatoa haya, yale yanaingia." Nikalishika. Hata leo naliona ni neno la maji na la watu pia.

Hoteli ikafunga kwa matengenezo, nikaenda Mugumu, kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja wa Kiislamu, babu zake walitoka Tanga na biashara ya vitambaa. Tulimwita Bimkubwa. Yeye alikuwa na bwawa la kusimama, la kwanza kuliona maishani. Hili halichimbwi. Ni miguu ya chuma na bati duara, ndani linatandikwa turubai zito, unapanda kwa ngazi kama unaingia kwenye pipa. Bimkubwa alikuwa akisema, "Likinichosha nalikunja, naanika kanga zangu hapo." Na kweli, raha yake ndiyo hiyo. Ardhi haitobolewi, maji yanayotakiwa ni kidogo, turubai likitoboka unaziba kiraka. Lakini linataka ardhi bapa kama chapati. Mguu mmoja ukizama, maji yote yanaegemea huko. La Bimkubwa mguu ulizama, tulikuwa jikoni, tukaona maji yanaingia mlangoni bila hodi, yakabeba unga, yakabeba na kandambili za wageni. Bimkubwa kapanda juu ya meza. Nilicheka nikasahau kazi, naye akasema nicheke nikiwa nadeki.

Sasa nifike Tarime, Nyamisangura. Huko sikucheka sana.

Niliitwa na mtu tajiri, mwenye malori ya kubeba ng'ombe, tulimwita Bosi tu. Alikuwa na wake wawili kwenye boma moja. Mkubwa ni Mama Robi, na mdogo ni Mama Chacha. Mama Robi alikuwa mtu wangu, tulitoka kata moja, alinijua toka nikiwa na meno yote. Yeye ndiye aliyesema niitwe.

Mtu asiye wa kwetu nimweleze kidogo. Kwetu mwanaume anaweza kuwa na wake, lakini kila mwanamke ana nyumba yake, na kila nyumba ina vitu vyake. Ng'ombe wa nyumba hii si wa nyumba ile. Kilichojengwa kwenye uwanja wa mama huyu ni cha nyumba yake, watakirithi wanawe wa kiume. Mama Robi alizaa wasichana watupu. Mama Chacha alizaa wavulana, tena wanafuatana. Mnaona wenyewe nyumba ya nani inakua na ya nani inapungua. Mama Robi aliomba ng'ombe ili aoe mwanamke wa kumzalia mrithi, ile desturi yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke. Bosi alimnyima. Alipoona mke mkubwa hali wala hasemi, akamtuliza: nitakuwekea bwawa la kuogelea kwenye uwanja wako, wageni wangu wote wataogelea kwako.

Mama Robi hata kuogelea alikuwa hajui. Maji yakimfika magotini anaanza kuomba. Lakini tulikuwa tunamenya ndizi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kilichochimbwa hakihami. Likichimbwa kwangu, hata nikifa litaitwa bwawa la nyumba ya Mama Robi. Wewe simamia tu lichimbwe."

Basi mafundi wakachimba shimo la kupima, kwenye uwanja wake, kule chini karibu na migomba. Shimo halijafika kiunoni, maji yanachuruzika pembeni. Bosi akaja, Mama Robi akaja, Mama Chacha akasimama mlangoni kwake huko juu amejifunga mikono. Bosi akasema, "Haya, wewe uliyezeekea kwenye klorini. Hapa tuchimbe au tusimamishe?"

Mama Robi ananiangalia. Mimi naangalia shimo. Namuona Fundi Mkuu na vile vigae vilivyosimama. Ningesema chimbeni, masika ya kwanza bwawa lingepasuka, wangesema nyumba ile ina laana, hata maji yameikataa. Nikasema ukweli wa kazi. Hapa maji ya ardhini yako karibu, la kuchimba litasukumwa juu. Hapa panafaa la kusimama. La kuchimba linataka pakavu.

"Pakavu ni wapi?" Bosi akauliza.

Wote tuliangalia juu, kwa Mama Chacha.

Mama Robi akasema, "Basi niwekee la kusimama." Akaondoka kwenda jikoni.

Mimi nikamfuata Bosi mpaka kwenye malori. Nikamwambia Bosi, iko njia. Fundi Mkuu alinifundisha. Chini ya sakafu unalaza kokoto na bomba lenye matundu, maji ya chini yanatoka taratibu yanakwenda kwenye migomba, bwawa linakaa. Hata migomba itafurahi. Mchimbie mama. Bosi alikuwa anakagua tairi. Hakugeuka. Akasema, "Nimwage kokoto kwa nyumba isiyo na mvulana? Si bora nizimwage barabarani, zipitiwe na magari?"

Hilo neno nililisikia mimi na tairi.

Bwawa la kusimama likaletwa kutoka Sirari, na kijana muuzaji wa ng'ambo ile ya mpaka, anasema, "Mathe, hii ni ya kuunganisha tu, ukichoka nayo unaisongesha." Alidhani ananisifia mali. Tukasawazisha ardhi mpaka maji kwenye sufuria hayakuegemea upande. Krismasi ilipofika wageni wakaja, watoto wakaruka humo, Mama Robi akapika, amevaa kitenge kipya, kila mtu anamwambia asante mama kwa bwawa. Siku ile alikuwa na nyumba. Nilimuona akigusa lile bati kwa kiganja, kama mtu anampapasa ng'ombe wake.

Halafu wavulana wa Mama Chacha wakasema chini kuna mbu. Sijui mbu gani, dawa nilikuwa naweka mwenyewe. Asubuhi moja nimefika na wavu wangu, nakuta spana inafanya kazi. Maji yameachiwa kwenye migomba, bati limefunguliwa, turubai limekunjwa, mpaka jua linawaka sawasawa bwawa liko juu kwa mke mdogo. Kwa Mama Robi likabaki duara la udongo mweupe, nyasi zimekufa. Alikuwa amesimama pembeni ya duara. Hakulia. Aliniuliza tu, "Si ulisema linafaa?"

Baadaye Bosi hata lile la kusimama likamchosha. Akachimba la zege kule kule juu, pakavu, na vigae vya Mwanza. Mimi ndiye niliyelihudumia, nifanyeje, nina wajukuu wanakula. Maji yake yalikuwa mazuri sana, yanaonyesha mpaka chini, na kila nilipopiga brashi nilikuwa naona migomba ya Mama Robi kule bondeni. Turubai la zamani lilitupwa nyuma ya malori. Mwaka huo huo Robi, binti yake, ambaye ni nesi, akamnunulia mama yake kipande cha ardhi Kisaka, akamhamisha. Mama Robi alipakia vyungu vyake, kuku wake, na lile turubai. Bosi aliliona, akasema aachwe achukue, ni takataka.

Nami mgongo ukakataa kuinama. Nikastaafu. Hapakuwa na sherehe, niliegemeza wavu ukutani nikasema kwaheri. Wakaniambia nirudi kuchukua kandambili zangu, nikawaambia wamwekee atakayefuata.

Mwaka jana nikaenda Kisaka kumwona. Tukasalimiana vizuri, akanipa ugali wa mtama na mlenda, akanipa habari za wajukuu. Halafu akanichukua nyuma ya nyumba. Amechimba shimo, yeye mwenyewe na vibarua wawili wa jirani, amelitandika lile turubai, viraka vyangu bado nimevitambua. Maji ya mvua yanashuka kutoka kwenye bati la nyumba yanaingia humo. Bata wanaogelea. Ndama wa Robi anakunywa upande wa kina kifupi. Lambo, lile nililolitafuta siku yangu ya kwanza.

Akasema, "Hili limechimbwa."

Nikasema naona.

"Na hapa udongo unasemaje, mtaalamu?"

Nikaokota bonge, nikalivunja vidoleni. Limekauka, linatoka kama unga. Nikamwambia hapa ni pakavu, hapa litakaa.

Akaniangalia. Hana hasira, hilo ndilo linaloniumiza, angekuwa na hasira ningejua pa kukaa. Akasema, "Ungenitetea hivyo siku ile."

Ninalo jibu. Ninalo mpaka leo. Ningemwambia habari ya kokoto na bomba, kwamba nilimfuata Bosi mpaka kwenye malori. Lakini ataniuliza Bosi alijibu nini. Na yule mama amelala miaka yote na mtu yule, amempikia, amemzalia. Sasa mimi nimpe lile neno alichukue, lilale naye uzeeni?

Kwa hiyo mkija kuniuliza nichimbe au nisimamishe, nawaambia: ardhi yenye maji, simamisha, au laza kokoto chini uchimbe. Ardhi kavu, chimba. Hayo ni ya udongo, ni rahisi. Yule mnayemwekea bwawa, mwangalieni kwanza mnataka akae au ahame.

Pale Kisaka kulikuwa na mti mrefu umefungwa kipande cha chandarua mwisho. Ametengeneza mwenyewe. Niliuchukua, nikaanza kuokota majani.