Mkwe wa Susu Kutoka Korea

Wiki iliyopita nilipita Kitengela, nikakuta ile ploti yetu ya mabati imebomolewa, panajengwa ghorofa. Nikiwa nimesimama pale kwa vumbi, wasichana wawili wakapita wakilalamika kuhusu drama fulani ya Korea. Ati sizoni ya pili imeharibu kila kitu. Ati wamelia. Nusura niwafuate niwaambie: nyinyi mmelia tu, mimi sizoni ya pili ilinihamisha nyumbani.

Wacha nikuambie, rafiki yangu, maana hii kitu nimeibeba miaka mingi.

Nililelewa na Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Mama alikuwa Illasit, huko karibu na Loitokitok, akilima vitunguu kwa shamba la kukodi. Susu hakuwahi kuingia darasani, kwa hivyo mimi, darasa la sita, ndiye nilimsomea karatasi za dawa, barua za kanisa na kila ujumbe wa mama. Na Jumamosi alasiri, tukishafua na kununua maji kwa mwenye mkokoteni wa punda, nilimsomea Korea. Kijana wa duka la muvi alitujazia flashi ya kuchomeka kwa TV. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, nami niliyageuza kwa Kikamba huku tukichambua maharagwe.

Mwanamume wa drama tuliyoipenda zaidi alikuwa mlinzi wa mlima wa theluji, ameishi miaka mia nne bila kuzeeka, kisha akampenda msichana fundi wa nguo. Susu alimpokea kabisa. Alimwita mkwe. Na kwetu mkwe ana heshima yake, mama mkwe hamkodolei macho. Jamaa akitoka mtoni bila shati, Susu alivuta leso akajifunika uso, akaniuliza kutoka humo ndani ya leso, "Amevaa?" Nikisema bado, anangoja. Haki nilicheka hadi maharagwe yakamwagika. Sizoni ya kwanza iliisha mkwe akigeuka ukungu, akiapa kwamba atarudi. Susu alilia, kisha akamngoja karibu mwaka mzima kama mtu wa nyumbani aliyesafiri.

Ikaja sizoni ya pili. Takataka! Mkwe amerudi na suti, meneja wa kampuni, amesahau kila kitu. Mlima hakuna, theluji hakuna, ni mikutano ya ofisi tu. Fundi wetu sasa kazi yake ni kupeleka kahawa. Sehemu ya pili, mkwe alimtazama usoni akasema hamjui. Nikamwangalia Susu. Alikuwa ameinama mbele, mkono umesimama juu ya ungo, ananingoja. Sikuweza, rafiki yangu. Nikasema, "Anamkumbuka, lakini anajificha kwa sababu ya maadui." Susu akashusha pumzi. "Nilijua," akasema. "Huyo si mtu wa kusahau."

Basi nikawa natunga. Kila Jumamosi natunga, na nilitunga vizuri kuliko wao. Ubaya wa kumdanganya mtu anayekuamini ni kwamba ni kazi rahisi sana.

Karibu na kufunga shule, mama akatuma ujumbe, kwa Kiswahili kama kawaida yake: "Mama, nimepata nyumba ya vyumba viwili. Shule zikifungwa niletee mtoto, asome huku." Susu alikuwa anakoroga muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, jikoni, akaniuliza amesema nini. Mama nilimpenda, lakini nilimjua kwa ujumbe wa simu tu. Sikutaka kumwacha Susu. Nikasema, "Anasalimia. Mvua imenyesha." Susu akamshukuru Mungu, akanipakulia.

Uongo wa Korea nilisema kwa ajili yake. Huu ulikuwa wangu mwenyewe, na nilijua.

Mama hakupiga simu, maana kule shambani mtandao ulikuwa hafifu, ujumbe tu ndio uliopita. Alituma ujumbe mwingine, kisha mwingine. Simu ikilia tu, naacha kila kitu. Nilianza kuishika kabla Susu hajaiona.

Jumamosi moja mwalimu wa nyumba ya tatu akaingia na kikombe chake cha chai. Tokeni zake za stima zilikuwa zimeisha. Alikuwa mama wa upande wa Murang'a, Kikamba hajui hata salamu. Nikajiambia, afadhali, hatasikia ninachosema. Kumbe Susu na adabu yake! "Leo tafsiri kwa Kiswahili," akaniambia, "mgeni asikae kama jiwe." Nikasema kichwa kinauma. "Kichwa gani, na sasa hivi ulikuwa unaruka kamba?"

Mkwe akatokea ofisini. Fundi akaingia na kahawa. Mkwe akasema neno, nami nikasema, "Anamwambia avumilie, siku yao inakuja."

"Aii, wapi!" Mwalimu akacheka. "Amesema askari wamtoe nje, hamjui. Huyu mtoto anatutungia!"

Susu hakucheka. Alifuta mikono polepole, akachukua simu mezani, akanipita nilipokaa, akampa mwalimu. "Nisomee," akasema. "Zote."

Mwalimu akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyoshuka. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Mama, kama hutaki kumleta, sema. Usininyamazie." Nilitamani kufa.

Susu hakunipiga, ingawa ningependa anipige. Alisema, "Ungeniambia, ningemwomba mama yako akuache hapa na mimi. Sasa nimwombe vipi, na anadhani ni mimi ninayekuficha?"

Shule zilipofungwa nilipelekwa Illasit. Mama alinilea vizuri, sina lawama.

Susu siku hizi anaishi kwa mjomba, huko Matasia. Ananipenda, ananipakulia nyama ya kwanza, ananiuliza kama nimepata mchumba. Lakini ujumbe ukiingia kwa simu yake, anamwita mjukuu mmoja asome, kisha anamwita mwingine asome upya, naye anasikiliza kama maneno ni yale yale. Watoto wanasema ni uzee. Mimi huwa nimekaa hapo hapo karibu naye, mwenye digrii, na simu inanipita inapelekwa kwa mtoto wa darasa la tatu.